Sifuri tano: mwalimu wa Kimarekani ughaibuni na pensheni ya nyumbani

Usiku mmoja wa Machi 2019, baada ya kumaliza kusahihisha mitihani ya darasa la tisa katika nyumba tuliyopangiwa na shule mjini Sharjah, Falme za Kiarabu, nilifungua kwa mara ya kwanza akaunti yangu kwenye tovuti ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ile ambayo kila mtu kule huiita Social Security. Nilikuwa nikitafuta jambo dogo tu, uthibitisho uliohitajiwa na benki yangu, lakini jedwali nililolikuta lilinisahaulisha kabisa habari ya benki. Kushoto palikuwa na orodha ya miaka, na mbele ya kila mwaka mapato yangu yaliyokatwa mchango. Kuanzia 2007 hadi 2013 tarakimu zilipanda vizuri, kama mshahara wa mwalimu unavyopanda polepole. Mbele ya 2014 palikuwa na alama ya dola na sifuri. Chini yake sifuri nyingine, na nyingine, mpaka 2018. Sifuri tano zilizopangwa wima, katika miaka ambayo nilifundisha vipindi 25 kwa wiki na kulipwa vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Chini ya jedwali maelezo yalinijulisha kwamba nina krediti 28, yaani vipimo vya mapato yaliyokatwa mchango, kwamba pensheni ya uzeeni inahitaji krediti 40, na kwamba kwa hali ilivyo sistahili kulipwa chochote.

Naandika makala haya kwa ajili ya walimu wenzangu wenye pasipoti ya Marekani, hasa sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki, tukasomea ualimu Marekani, tukapata uraia, kisha tukaanza kutazama matangazo ya kazi ya shule za kimataifa. Mshahara wa shule hizo hutangazwa kwa maneno matamu: hakuna makato, nyumba ni ya bure, tiketi ya ndege kila kiangazi. Maneno hayo ni ya kweli, na sina nia ya kumkataza mtu kwenda. Ninachotaka mwalimu aelewe kabla ya kutia saini ni kwamba makato yale tunayoyalalamikia Marekani ndiyo yanayotujengea haki ya pensheni, bima ya ulemavu na bima ya afya ya uzeeni, na kwamba anayejua kama haki hizo zitaendelea au zitakatika ni yule aliyesoma jina la mwajiri kwenye mkataba wake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu astaafu hupokea pensheni yake ya serikali, ndogo lakini ya kila mwezi. Nilikwenda Minnesota mwaka 2001 kwa visa ya mwanafunzi, nikaosha vyombo katika bwalo la chuo ili kujikimu, na hundi yangu ilikuja bila kukatwa mchango wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa sheria huwaacha nje wanafunzi wa kigeni wa aina yangu katika miaka yao ya mwanzo. Nilifurahi sana wakati ule. Mwezi Agosti 2007 nilianza kufundisha hisabati katika shule ya umma, na hapo makato yakaanza: asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii na asilimia 1.45 kwa ajili ya Medicare, ile bima ya afya ya uzeeni, huku mwajiri naye akitoa kiasi hichohicho kwa upande wake. Juni 2013 nikafungasha virago kwenda Sharjah.

Ukihesabu, hiyo ni miaka sita ya shule, ilhali krediti 28 ni za miaka saba. Sababu yake ni kwamba krediti hizi hupatikana kwa kiasi cha fedha ulichochuma ndani ya mwaka wa kalenda, si kwa miezi uliyokaa kazini, na hazizidi nne kwa mwaka. Mwaka 2007 kila dola 1,000 zilizokatwa mchango zilikupa krediti moja, kwa hiyo mishahara yangu ya kuanzia Agosti hadi Disemba ilitosha kunipa nne kamili. Nusu ya kwanza ya 2013 ilinipa nne nyingine. Kiwango hupanda kila mwaka pamoja na mishahara ya nchi. Mwaka 2024 kilikuwa dola 1,730 kwa krediti, na mwaka 2025 kilikuwa dola 1,810. Narudi kwenye hesabu hii baadaye, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa.

Mama alipokuja kunitembelea Sharjah mwaka huohuo wa 2019, tukiwa tumekaa barazani jioni tukinywa chai ya iliki, aliniuliza swali ambalo hakuna afisa wa ajira aliyewahi kuniuliza. "Mwanangu, hawa ukizeeka watakulipa?" Nikamjibu kwamba kipo kiinua mgongo. Akataka kujua ni kiasi gani, nikachukua kalamu. Sheria ya Falme za Kiarabu humpa mfanyakazi wa kigeni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Pensheni ya serikali ni ya raia wao. Miaka yangu sita ilikuwa siku 135. Mshahara wangu wa msingi, ukiondoa posho ya nyumba, ulikuwa dirhamu 9,000, yaani 300 kwa siku, kwa hiyo jumla ilikuwa dirhamu 40,500, kama dola elfu kumi na moja za Marekani. Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Kwa mwezi?" akauliza. Nikamwambia, la mama, mara moja tu, basi.

Kosa langu la awali lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa mimi ni raia wa Marekani, na kwa kuwa kila mwaka nilipeleka ritani yangu ya kodi Marekani, basi niliendelea kuhesabiwa. Marekani hutaka ritani kutoka kwa raia wake popote alipo duniani, lakini kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii ni vitu viwili tofauti. Katika fomu 2555 mwalimu anayeishi nje anaweza kuondoa mshahara wake wote kwenye kodi, mradi hauzidi kiwango cha mwaka husika, ambacho kwa 2024 kilikuwa dola 126,500, na mradi ametimiza masharti ya ukaazi, kwa mfano kuwa nje ya Marekani siku 330 ndani ya miezi 12 mfululizo. Nilijaza fomu hiyo kwa uaminifu, nikaona kodi inayodaiwa ni sifuri, nikalala usingizi. Kuhusu hifadhi ya jamii, sheria haikuangalia uraia wangu wala ritani yangu, bali ilimwangalia mwajiri wangu.

Mwajiri wa Kimarekani, kwa maana ya sheria hiyo, ni serikali ya Marekani yenyewe, au mtu anayeishi huko, au shirika lililosajiliwa chini ya sheria za Marekani au za jimbo lake lolote. Mwajiri wa aina hiyo akimwajiri raia wa Marekani nje ya nchi, kwa kawaida analazimika kumkata mchango na kuongeza wa kwake, sawa na kama angekuwa Ohio. Mwajiri mwingine yeyote halazimiki, na mwalimu hawezi kumwandikia barua Social Security akiomba kuchangia kwa hiari yake kutoka kwenye mshahara huo. Kampuni ya kigeni iliyo chini ya kampuni mama ya Marekani inaweza kuingizwa kwenye mfumo kwa makubaliano maalumu na mamlaka ya kodi, ila jambo hilo huamuliwa na kampuni mama.

Hapa ndipo majina yanapotupoteza. Shule inaweza kuwa na neno "American" langoni, ikafuata mtaala wa Marekani, ikawa na ithibati ya Marekani na bendera ya nyota na milia karibu na ofisi ya mkuu wa shule, na bado kisheria ikawa chama cha wazazi au kampuni iliyosajiliwa katika nchi mwenyeji. Yangu ilikuwa hivyo. Kwa upande mwingine, zipo shule ndogo za misheni ambazo waajiri wao ni mashirika yaliyosajiliwa Marekani, na walimu wao, wanaolipwa nusu ya tulivyolipwa sisi, wamekuwa wakihesabiwa mwaka baada ya mwaka. Walimu wa shule za Idara ya Ulinzi, zile zinazosomesha watoto wa wanajeshi katika nchi kama Ujerumani na Japani, ni watumishi wa serikali kuu: wanachangia hifadhi ya jamii na wana pensheni yao ya utumishi, ingawa hawaruhusiwi kutumia ule msamaha wa fomu 2555 kwa mshahara wao.

Mtu akisikia haya huuliza haraka kama hakuna makubaliano kati ya nchi na nchi. Yapo. Marekani ina mikataba ya kujumlisha vipindi vya kazi na nchi zipatazo 30, ya kwanza ikiwa na Italia, iliyoanza kutumika mwaka 1978. Mkataba wa namna hiyo hufanya mambo mawili: humzuia mfanyakazi asikatwe michango katika nchi mbili kwa kazi ileile moja, na humruhusu aliyepungukiwa na krediti kuazima vipindi alivyochangia katika nchi ya pili ili afikie sharti, mradi awe na krediti zisizopungua sita za Marekani. Pensheni atakayolipwa huwa ni sehemu, kulingana na muda aliochangia Marekani. Angalia orodha ya nchi hizo na utaona Ulaya karibu nzima ya magharibi, Kanada, Japani, Korea Kusini, Australia, Brazili, Chile, Uruguay. Hakuna hata nchi moja ya Afrika, wala ya Ghuba. Miaka yangu ya Sharjah haina pa kujumlishwa, na sasa ninapofundisha Nairobi na kuchangia NSSF ya Kenya, michango hiyo nayo inabaki Kenya. Inanisikitisha kwamba nchi zilizopokea walimu wa Kimarekani tangu 1961, mwaka ambao vijana wa kujitolea wa Kimarekani wa Peace Corps waliingia Tanganyika na mpango wa Teachers for East Africa ukaanza kuleta walimu katika shule zetu za sekondari, hazijawahi kuingia kwenye orodha hiyo.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko pensheni yenyewe. Katika shule yetu ya Sharjah alikuwepo mwalimu wa kemia kutoka Wisconsin, mtu mpole aliyekuwa na desturi ya kuosha mwenyewe vyombo vya maabara hata pale wahudumu walipomsihi awaachie. Alikuwa amefundisha Wisconsin miaka 22, akaondoka mwaka 2011. Krediti zake zilikuwa zaidi ya 80, maradufu ya zile 40, na hakuwa na wasiwasi wowote juu ya hifadhi ya jamii. Novemba 2017, akiwa na umri wa miaka 53, alipata kiharusi kilichomlemaza mkono wa kulia na kumvurugia usemi. Bima ya shule ililipa hospitali, kisha mkataba ukaisha na bima ikaisha nao. Alirudi kwa dada yake na kuomba mafao ya ulemavu, akanyimwa, na kwa mujibu wa sheria jibu lile lilikuwa sahihi.

Wengi hawajui kwamba mafao ya ulemavu yana sharti la pili. Kwa mtu wa umri wake haitoshi kuwa na krediti 40. Ni lazima 20 kati yake ziwe zimepatikana ndani ya miaka kumi iliyoishia pale ulemavu ulipoanza. Miaka kumi ya mwalimu huyu ilianzia mwanzo wa 2008. Ndani yake alikuwa na krediti za 2008, 2009, 2010 na 2011, jumla 16. Alipungukiwa nne. Kiharusi kilekile kingempata mwishoni mwa 2016, angelipwa kila mwezi mpaka umri wa kustaafu. Kwa lugha nyepesi, mwalimu aliyechangia mfululizo maisha yake yote hubaki na kinga ya ulemavu kwa takriban miaka mitano baada ya kuacha kuchangia, kisha kinga hiyo huzimika bila barua, bila simu, bila mtu wa kumjulisha. Haki yake ya pensheni ya uzeeni ilibaki pale pale, ila ilimbidi asubiri hadi 62. Dada yake ndiye aliyenisomea barua ile kwa simu, na tangu siku hiyo mwalimu yeyote mwenzangu anaponiambia kwamba ameshamaliza krediti zake na hana haja ya kujua zaidi, namsimulia habari hii yote.

Kuna kundi jingine, ambalo sifuri zao zilianzia nyumbani. Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935 haikuwahusu watumishi wa majimbo na serikali za mitaa, walimu wa shule za umma wakiwemo. Marekebisho ya 1950 yaliruhusu majimbo kuwaingiza watumishi wao kwa makubaliano, na majimbo mengi yalifanya hivyo, lakini mpaka leo walimu wengi wa Texas, California, Illinois, Ohio na Massachusetts wako nje na hutegemea mfuko wa pensheni wa jimbo peke yake. Nilifundisha Sharjah na mama mmoja wa Texas, mjane, ambaye marehemu mumewe alichangia hifadhi ya jamii tangu ujana wake. Chini ya kanuni iliyopitishwa mwaka 1977 na kurekebishwa baadaye, theluthi mbili ya pensheni yake ya ualimu iliondolewa kwenye fao lake la ujane. Pensheni ilikuwa dola 2,100, kwa hiyo zikaondolewa 1,400, na fao la dola 1,500 likabaki mia moja. Alikuwa akisema kwamba mumewe amezikwa mara mbili.

Kanuni ndugu yake, ya mwaka 1983, ilipunguza pensheni ya mtu mwenyewe ikiwa alikuwa na pensheni nyingine ya kazi isiyokatwa mchango, na watu husahau kwamba pensheni ya nchi ya kigeni nayo ilihesabiwa humo. Mwalimu wa Kimarekani aliyejijengea pensheni Uingereza au Kenya angekatwa. Kanuni zote mbili zilifutwa na sheria iliyotiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 5 Januari 2025, na kufutwa huko kukahesabiwa kuanzia mafao ya Januari 2024. Malipo ya nyuma yalianza kutolewa mwishoni mwa Februari 2025. Mama yule wa Texas alinipigia simu mwezi Machi. Hakusema maneno mengi, alinitajia tarakimu iliyoingia benki, kisha tukanyamaza sote wawili.

Niseme sasa nilivyojinasua, maana nimeulizwa mara nyingi. Pensheni ya hifadhi ya jamii hukokotolewa kwa kuchukua miaka 35 ya mapato makubwa zaidi, baada ya kuyapandisha yalingane na mishahara ya sasa, kisha jumla hugawanywa kwa miezi 420. Ukiwa na miaka saba tu, miaka 28 iliyobaki huingia kama sifuri. Hilo linaogofya, lakini hatua inayofuata ina huruma: kwa anayetimiza miaka 62 mwaka 2025, dola 1,226 za kwanza za wastani huo wa mwezi hulipwa kwa asilimia 90, zinazozidi hapo kwa asilimia 32, na za juu zaidi kwa asilimia 15. Mfumo huu ulitungwa kumlinda aliyechuma kidogo, na mwalimu wa ughaibuni, kwenye karatasi, ni mtu aliyechuma kidogo. Hizi ndizo asilimia ambazo kanuni ya 1983 ilizishusha kutoka 90 hadi 40, na ndiyo maana kufutwa kwake kuna maana kubwa kwetu.

Chukua hesabu yangu kwa tarakimu za mviringo. Mishahara yangu ya Minnesota, ikishapandishwa, ni kama dola 360,000. Nikiongeza 20,000 za kazi ya jioni nitakayoieleza hivi punde, inakuwa 380,000. Gawanya kwa 420 upate karibu 905. Asilimia 90 yake ni dola 814 kwa mwezi katika umri wa miaka 67, ambao ndio umri kamili kwa waliozaliwa kuanzia 1960. Kwa krediti 28 nisingepata hata senti moja ya hizo. Kilichosimama kati yangu na dola 814 za kila mwezi hadi kufa kwangu kilikuwa krediti 12.

Nilizipata kwa kufundisha jioni. Raia wa Marekani anayejiajiri popote duniani, isipokuwa pale mkataba kati ya nchi unapomwondoa, hulipa mchango wa kujiajiri wa asilimia 15.3, yaani sehemu ya mfanyakazi na ya mwajiri kwa pamoja, na msamaha wa fomu 2555 haumwondolei mchango huo. Watu wengi huuona kama adhabu. Mimi niliuona kama mlango. Nikiwa Nairobi, kuanzia 2022, nilifundisha hisabati kwa intaneti watoto wa familia zilizoko Marekani, saa moja baada ya nyingine, nikatoa risiti, nikaandika kila shilingi ya gharama, nikajaza jedwali la kujiajiri kwenye ritani, na Kenya nayo nikailipa kodi yake. Ili kupata krediti nne za 2024 zilihitajika dola 6,920, na kwa kuwa sheria huhesabu asilimia 92.35 tu ya faida, ilinibidi faida yangu ifike kama dola 7,500. Mchango niliolipa kwa mwaka huo ulikuwa takriban dola 1,060. Miaka mitatu, krediti 12, na michango isiyozidi sana dola elfu tatu kwa jumla. Kazi yenyewe lazima iwe ya kweli na iwe na kumbukumbu zake. Anayebuni mapato ili kujipatia krediti anafanya udanganyifu. Kinga yangu ya ulemavu bado haijarudi, kwa kuwa ile 20 ndani ya miaka kumi inataka miaka mitano ya kuchangia, na nimebakiza miwili.

Krediti 40 hizo pia ndizo zinazompa mtu sehemu ya kwanza ya Medicare, ile ya hospitali, bila ada ya mwezi atakapofikisha miaka 65. Sehemu ya pili, ya madaktari, ina ada ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa kawaida, na anayechelewa kujiandikisha bila sababu inayokubalika huongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, nyongeza ambayo kwa kawaida humfuata maisha yake yote. Medicare kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya Marekani, kwa hiyo mwalimu anayekusudia kuzeekea Malindi anapaswa kuamua kama ada hiyo ina manufaa kwake.

Pana mambo mawili ambayo wastaafu hukutana nayo ghafla. Mwalimu aliyeanza kupokea pensheni akiwa na miaka 62, kisha akaajiriwa na shule ya kigeni kabla ya kufikia umri kamili, huzuiliwa fao la kila mwezi ambao amefanya kazi zaidi ya saa 45. Kwa mwalimu wa kutwa saa hizo huisha katika wiki ya pili. Na wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, ambao hawajachukua uraia wajue kwamba sheria zao ni tofauti, na malipo yao huenda yakasimama baada ya miezi sita kamili nje ya Marekani. Raia hulipwa akiwa karibu nchi yoyote, mradi ajibu zile fomu zinazotumwa kuhakiki kama bado yu hai.

Kuhusu mfuko wa walimu wa jimbo nitasema neno moja. Nilipoondoka Minnesota wenzangu kadhaa walinishauri nitoe michango yangu ninunue kiwanja Kikambala. Niliiacha, kwa uvivu zaidi ya busara, na kwa kuwa nilikuwa nimeshatimiza muda unaotakiwa, itanipa pensheni yake ndogo. Aliyeitoa amebaki na kiwanja, nami simlaumu.

Mwezi Aprili 2025 kijana mmoja aliyezaliwa Kisumu na kukulia Minneapolis, mwalimu wa fizikia mwenye krediti 20, alinitumia mikataba miwili kwa WhatsApp, mmoja wa Kuwait na mmoja wa Seoul. Kwenye ule wa Kuwait alikuwa ameupaka mshahara rangi ya njano, nao ulikuwa mkubwa kweli, usio na makato yoyote. Nilimwomba anitumie ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kila mmoja, mahali palipoandikwa jina kamili la mwajiri na nchi aliyosajiliwa. Hakuna aliyesajiliwa Marekani. Nikamweleza kwamba Korea Kusini ina mkataba na Marekani, kwamba huko, kwa viwango vya mwaka ule wa 2025, mfanyakazi wa kigeni kwa kawaida alichangia pensheni ya taifa asilimia 4.5 na mwajiri wake 4.5, na kwamba akiondoka anaweza kuomba arudishiwe fedha hizo au aziache ili miaka hiyo imsaidie kufikia sharti la Marekani, asidhani atapata vyote viwili. Kuwait hakuna mkataba, kuna kiinua mgongo. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ungechagua ipi?" Nikamwambia aziulize shule zote mbili maswali mawili kwa maandishi: ni nani hasa mwajiri wangu, na nikipata ulemavu nikiwa kazini nitalipwa nini baada ya mkataba kwisha. Seoul wamejibu siku ya tatu, kurasa mbili. Kuwait bado anawasubiri, na wamempa mpaka Ijumaa awe ametia saini.